Konzi la Buyenzi

Habari ya kifo cha Shangazi Zuwena ilinikuta kwenye foleni ya sukari, mbele ya duka moja la Nyakabiga, si mbali na ninapoishi sasa. Ilikuwa asubuhi. Tulikuwa wanawake wengi na vijana wachache, kila mtu na mfuko wake ameukunja kwapani, na hakuna aliyekuwa na hakika kama sukari imefika kweli au ni maneno ya mtu mmoja tu aliyeota. Simu ikalia. Alikuwa mdogo wangu Hawa. "Dada, shangazi ametutoka," akasema. Nilitoka kwenye mstari nikaegemea ukuta. Mama mmoja nisiyemjua, aliyekuwa nyuma yangu, aliniuliza kuna nini, nikamwambia. Akanishika mkono. "Pole, mama. We enda kwenye musiba. Nikipata, nitakuachia kilo moja hapa kwa butiki, utalipa ukirudi." Nilipopita pale baada ya matanga, kilo yangu ilikuwepo, imefungwa kwenye karatasi ya kaki. Yule mama sijamwona tena.

Watoto wangu wanadhani shida hizi zimeanza nao. Wakisikia unga umepanda tena wananitazama kama mtu aliyeshuhudia mwisho wa dunia, na mimi nawaambia nimeshapita njia hii, nilipokuwa na miaka kumi na sita. Hapo hunyamaza, maana wanajua kwamba mwaka huo sikuukaa nyumbani kwetu. Ukoo wetu ulitoka wapi na ulifikaje Bujumbura sitauandika hapa, wapo wanaoujua kuliko mimi. Nitauandika mwaka ule peke yake, mwaka wa Mutakura, mtaa alioishi shangazi, kwa sababu aliyenipokea kule amezikwa na hakuna mwingine atakayeuandika.

Nyumba yetu ya Buyenzi ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje, na baba alikuwa fundi wa magari kwenye gereji ya mtaa wa nyuma. Bei hazikupanda siku moja. Zilipanda kama maji ya mvua yanavyoingia uani: kwanza unaona unyevu tu chini ya mlango, unasema utapiga deki kesho, na kesho unakuta viatu vinaelea. Ilianza sukari. Ikaja zamu ya mafuta, halafu mchele, na mwisho maharagwe, ambayo hakuna aliyeyategemea, kwa sababu maharagwe ndiyo yalikuwa kimbilio la kila mtu akishindwa na mengine. Nyama ya Ijumaa ilikatika bila mtu kuitangaza. Mukeke, yule samaki wa ziwa letu ambaye mgeni wa Bujumbura huonjeshwa kwanza, aliondoka kwenye sinia yetu na nafasi yake ikachukuliwa na ndagala, dagaa wa kwetu, na ndagala wenyewe wakawa wachache hata ukawa unajua umekula wa kwako na wa nani. Mama akaanza kupika mara moja tu kwa siku, alasiri, ili chakula kishike mchana na usiku pamoja. Tulikula watano kwenye sinia moja, na kwa mara ya kwanza ua lililochorwa katikati yake lilionekana kabla hatujashiba. Magari nayo yalipungua gerejini. Mtu ambaye hana pesa ya mafuta hapeleki gari kwa fundi, analifunika turubai. Baba akawa anarudi mapema, mikono misafi, na ile mikono misafi ndiyo iliyomtia mama wasiwasi kuliko neno lolote.

Maneno yaliyonihusu niliyasikia Jumamosi moja mchana, nikifua chini ya dirisha lao. Baba alikuwa anaongea kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia vipuri.

"Zuwena amesema atachukua mumoja. Ako peke yake na mupangaji tu, tangu Kassimu aende Uvira."

"Mumoja gani?" mama akauliza.

"We ndiye mama yao."

Nikaacha kusugua ili maji yasipige kelele. Kisha mama akasema polepole, kama anayechambua mchele: "Hawa bado mudogo, atalia kila siku. Issa ni mwanaume, atakula sana, atatutia haya. Rehema anajua kukaa na watu."

Nilikamua nguo ile hadi viganja vikauma. Mpaka leo sijui kama nilisifiwa au nilihukumiwa. Sasa mimi mwenyewe ni mama wa wanne, na wakati mwingine nikiwatazama wamelala najiuliza ningemtaja nani. Jibu huja haraka kuliko ninavyotaka, na najua mama naye lilimjia hivyohivyo. Wakati ule nilichojua ni kwamba nyumba ilikuwa na midomo mingi, na mmoja wao ni wangu.

Baba alinipeleka mwenyewe, kwa miguu, amebeba godoro langu kichwani na mimi nimebeba nguo na vitabu. Tulipofika Mutakura aliweka godoro sebuleni, akanywa maji, akamwambia dada yake, "Huyu hapa," akaondoka akitembea upesi. Shangazi Zuwena alinitazama juu mpaka chini. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, mwenye sauti ya ukali hata anapokuombea dua. "Hapa hatulii na hatuongopi kuhusu njaa," akasema. "Ukiwa na njaa sema. Chakula kikiwa hakuna nitakuambia hakuna. Lakini usikae unanitazama." Akanionyesha chumba cha Kassimu, mwanawe. Kilikuwa na kitanda cha mbao, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na picha ya timu ya mpira iliyopauka. Nilikuwa sijawahi kulala peke yangu kitandani. Wiki ile ya kwanza nilikuwa nalala pembeni kabisa, kama nimewaachia nafasi Hawa na Issa.

Tulikula watatu. Mtu wa tatu alikuwa mpangaji, Evariste, kijana wa bara, Mkristo, karani kwenye ofisi moja ya serikali mjini. Alipanga chumba cha uani na alilipia pia chakula cha jioni. Alivaa shati moja jeupe ambalo alilifua kila usiku, na kila mwisho wa mwezi alikwenda kwao akarudi na maharagwe kwenye gunia dogo, yale ya rangi ya manjano, akamkabidhi shangazi bila maneno. Kwenye meza ile kila mmoja alileta kitu: shangazi nyumba na faida ya vitambaa alivyouza sokoni, Evariste mshahara na maharagwe. Mimi peke yangu nilileta mdomo. Siku moja nilikataa kuongezwa chakula, nikasema nimeshiba. Shangazi akaweka mwiko chini. "Nilikuambia nini kuhusu kuongopa?" Nikamwambia sina ninacholeta. Evariste akainamisha kichwa akala. "Kumbe mikono hiyo ni ya nani?" shangazi akauliza. "Kesho utaenda Asiatique."

Wanawake wanne wa mtaa ule walikuwa na mpango wao. Duka la mtaani liliuza mchele kwa kikombe, na kikombe kile kilikuwa kinapungua kila wiki kama mtu anayeugua. Kwa hiyo walichanga pesa, mmoja akaenda kwa wauzaji wa jumla kule Asiatique, akanunua gunia, wakagawana uani kwa shangazi. Safari hiyo walinituma mimi, pesa imefungwa kwenye pindo la kanga na Shangazi Zuwena mwenyewe. Nilifika jua limeshakuwa kali. Mle dukani kulikuwa na harufu ya magunia na sabuni, watu wamejaa mpaka barazani. Nilipotaja gunia la mchele na bei niliyotumwa nayo, muuzaji, mzee mwenye kofia ya darizi, hakunicheka. Alisema tu, "Binti, hiyo ilikuwa bei ya jana. Jana imekwisha."

Nilitoka nikasimama kivulini. Kurudi mikono mitupu kulimaanisha nyumba nne zilale bila mchele na nauli ya baiskeli ipotee bure siku nyingine, tena kwa bei ambayo kesho ingekuwa juu zaidi. Kununua gunia dogo kulimaanisha ugomvi wa kugawana. Simu sikuwa nayo. Niliona pembeni magunia yaliyoandikwa kwa chaki, nikauliza ni nini. Ulikuwa mchele uliovunjika, ule ambao watu wa Buyenzi huupikia uji au kuwapa kuku. Nilitia mkono, nikanusa, nikatafuna punje chache. Ulikuwa mkavu, hauna uvundo. Nikamwambia mzee, "Nipe huo, gunia zima." Pesa ilitosha na ikabaki ya mtu wa baiskeli.

Mama Aline, mmoja wa wale wanne, alipoona gunia linafunguliwa alivuta mdomo. "Huyu mutoto ametununulia chakula ya kuku." Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi hakunitetea na hakunigombeza. Alichota vikombe viwili, akaosha, akapika palepale mbele yao, maji kidogo, tone la mafuta ya mawese na kitunguu, akafunika na kuweka makaa juu ya kifuniko. Walipoonja wakaangaliana. "Haijai mudomo kama ile nyingine," Mama Aline akasema, "lakini inajaza tumbo." Wakagawana. Tangu siku ile mnunuzi nilikuwa mimi, na nilipokula jioni ile niliongezewa nikapokea.

Mama alikuja kunitembelea baada ya muda kupita, Jumapili moja mchana, bila kuarifu kwamba anakuja. Alileta fungu la lengalenga, mchicha wetu wa huku, kwa sababu hakuweza kuingia nyumba ya wifi yake mikono mitupu, na nikaona majani yamelegea, ya kununuliwa jioni iliyopita kwa bei ya kumalizia. Mkono wake uliponikumbatia ulikuwa mwepesi. Shangazi akampakulia wali wa kuvunjika na maharagwe, sahani iliyojaa. Mama akasema bismillahi na akaanza kula. Alikula kama mtu anayekimbizana na kitu. Hakuongea, hakuinua macho, tonge lilifuata tonge. Evariste, aliyekuwa ameketi upande wa pili, alisimama taratibu akasema ana nguo za kuanua, akatoka, ingawa hapakuwa na nguo kwenye kamba. Nadhani kutoka kwake ndiko kulikomshtua mama. Aliinua uso, akaniona namtazama, na mkono wake ukasimama. Akanawa. "Nimeshiba, wifi yangu. Nilikunywa chai kabla ya kutoka."

"Maliza, wifi. Hiyo ni yako."

"Apana, nimeshiba kabisa."

Shangazi hakumlazimisha. Aliuweka uliobaki kwenye bakuli lenye mfuniko akasema ampelekee Issa. Nilimsindikiza mama mpaka barabara kubwa. Aliniuliza kuhusu shule, nikamjibu. Sikumuuliza kitu. Mpaka siku ile nilikuwa nimeamini kwamba mimi ndiye niliyetolewa nje na wao ndio waliobaki na chakula. Kule kuamini kulikuwa kumenipa hasira, na hasira ilinisaidia kuvumilia. Barabarani pale hasira ikaniishia, na sikujua nishike nini badala yake.

Kesho yake, kabla mchele haujaingia chunguni, shangazi aliniita. Alikuwa ameweka bakuli tupu karibu na jiko. Akatia mkono kwenye mchele uliokwisha chambuliwa, bado mkavu, akachota konzi moja, akalimimina bakulini. "Hiyo ni yangu. Toa na wewe ya kwako. Ni konzi la Buyenzi. Kila siku kabla ya kupika." Nikachota. Evariste alikuwa mlangoni, ametoka kazini, koti mkononi.

"Na mi?" akauliza.

"We ni mupangaji. Haikuhusu."

"Lakini niko nakula hapa, Mama Kassimu," akasema. Akaweka koti kitini, akakunja mkono wa lile shati lake moja, akachota konzi, kubwa kuliko letu. Hatukulizungumza tena. Sahani zetu zilipungua kidogo, na kidogo ile tuliihisi, nisidanganye. Kulikuwa na jioni nilizotazama bakuli lile kwa chuki. Lakini kila Ijumaa lilijaa, nikaubeba mchele kwenye mfuko mpaka Buyenzi baada ya swala, nikampa mama kwa mlango wa jikoni. Yeye aliuchanganya na wa kwake. Baba hakuambiwa.

Aliyesema ni Issa. Alikuwa na miaka saba, na akiwa katikati ya kula akasema wali wa Rehema ni mtamu kuliko wa dukani. Jumapili iliyofuata baba alitokea Mutakura na mfuko mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko.

"Asalaam alaykum, Zuwena."

"Alaykum salaam, kaka. Karibu, kaa."

Hakukaa. Aliweka mfuko juu ya meza. "Nimeurudisha."

"Uko na wadudu?"

"Apana. Mi sikukuletea mutoto ili anilishe. Mi ndiye baba yao."

Shangazi alivuta kiti, akaketi yeye, akaweka mikono juu ya meza upande na upande wa ule mfuko. Sauti yake siku ile haikuwa na ukali, na ndiyo maana naikumbuka. "Kaka, ulinipatia mutoto, mukubwa hivi, ukatoka humu bila kugeuka. Mi nilipokea. Leo nakupatia mchele, unasema ni muzito. Kati ya hivyo viwili, gani ni kizito?"

Baba alikuwa mtu wa kujibu hata injini. Alinitazama pale mlangoni, akatazama ukuta, akanitazama tena. "Mutoto," akasema mwishowe. "Mutoto ni muzito."

"Basi," akasema shangazi. "Mchele ni kitu kidogo."

Alikaa. Nikamletea chai isiyo na sukari, akainywa yote, akaniuliza Asiatique siku hizi wanauzaje mafuta, nikamweleza, na tukaongea bei kama watu wazima wawili. Alipoondoka aliuchukua mfuko. Hakuuficha kwapani wala chini ya koti. Aliushika mkononi, ukining'inia, akapita nao mbele ya majirani wote. Mimi nilirudi jikoni nikapepea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Neno lile la baba nilikuwa nimelingoja tangu siku aliyoshusha godoro, bila kujua kwamba ndilo ninalolingoja.

Siku ya matanga ya shangazi Evariste alikuja. Ana mvi sasa, na tumbo, na watu wanamwita mheshimiwa. Alikaa na wanaume kwenye viti vya nje mpaka dua zikaisha, akaniita pembeni kunipa pole. Tulisimama karibu na chumba chake cha zamani, ambacho sasa ni stoo. Aliniambia kwamba mkewe mpaka leo hupika akitoa konzi kwanza, kwa amri yake, na humpa mlinzi wa jirani. "Ananiuliza desturi hii ni ya wapi, ya kwetu bara au ya huku mjini," akasema. "Namwambia ni ya Mutakura." Tulicheka kidogo, kwa sauti ya msibani. Nilimwambia ahsante, na nilikuwa nimechelewa kuisema miaka mingi.

Mwaka ule bei hazikurudi zilikokuwa. Bei ikipanda haijui njia ya nyumbani. Lakini mavuno yalipofika sokoni zilisimama, watu wakazizoea, na gerejini kwa baba yakaanza kuletwa malori ya mizigo. Alikuja kunichukua mwaka ukiwa umekwisha. Nisiseme nilifurahi. Nilikuwa na kitanda, nilikuwa na kazi yangu ya Asiatique, na wale wanawake wanne waliniita kwa jina. Shangazi alifunga vitu vyangu mwenyewe. "Usilie mbele ya baba yako," akasema, "atadhani nilikutesa." Kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na tuliondoka hajatoka.

Buyenzi nilikuta Hawa amerefuka na Issa ameng'oka meno. Mama alikuwa amefagia mpaka nje ya mlango. Alinitandikia mkeka mzuri, ule wa sikukuu, peke yangu upande wa dirishani, akaninawisha mikono kwa birika, na akaniletea chakula kwenye sahani ya udongo yenye ukingo wa dhahabu, ile inayotolewa kabatini akija mtu wa mbali. Wali mweupe, punje nzima, na juu yake kipande cha mukeke. Wao wanne walikaa kwenye sinia yao, na kwenye sinia kulikuwa na bugali na lengalenga. Hawa akasema, "Karibu, dada," kwa adabu, na sauti ile ya adabu ikanikata. Mama hakukaa vizuri. Alikuwa ananitazama kama anayengoja mgeni aseme chumvi imetosha.

Nilishika sahani ile kwa muda. Kisha nikasimama, nikaenda nayo kwenye sinia, nikaimimina yote, wali na samaki, juu ya bugali lao, nikamsukuma Issa kwa goti ili anipishe. Akasogea huku akinung'unika, mkono umeshafika kwenye mukeke. Baba aliendelea kula. Mama aliitazama sahani tupu niliyoiweka sakafuni, akanitazama mimi, mabega yake yakashuka.

"Basi hiyo utaiosha wewe," akasema.

Nikaiosha.